Mbwa wa kuokolewa asiyetaka kucheza: kabla ya kununua mpira

Anachukuliwa kituo cha uokoaji, analetwa nyumbani kwa gari, ananunuliwa kola mpya na mpira wa tenisi. Mwenyeji wake anasimama uani, anainua mkono, anarusha. Mpira wenyewe mbwa hata hauoni. Ameuona mkono, na tayari yuko nyuma ya tangi la maji, tumbo linagusa chini, mkia umefichwa katikati ya miguu. Usiku watu wa nyumbani wanaulizana: huyu mbwa ana nini? Mbona hana furaha?

Waliochukua mbwa kwenye vituo kama KSPCA ya Nairobi au Mbwa wa Africa karibu na Arusha wanalijua swali hili. Wanalijua zaidi wale waliomwokota mbwa koko stendi au sokoni wakamleta nyumbani moja kwa moja. Ushauri wanaopewa ni mwingi na unagongana: mpe muda, mzoeshe kwa nguvu, mtafutie mwenzake, mkalishe na njaa kidogo atakuja mwenyewe, mbwa koko hafundishiki. Unagongana kwa sababu kila mshauri ana mbwa wake kichwani. Mbwa asiyecheza anaweza kuwa mgonjwa. Anaweza kuwa na hofu. Anaweza pia kuwa mzima na mtulivu kabisa, ila maisha hayajawahi kumwonyesha kwamba binadamu ni kiumbe wa kucheza naye. Mara nyingi ana mchanganyiko wa hayo matatu, na dawa ya moja huharibu jingine.

Kwanza daktari

Nianze na ugonjwa kwa kuwa ndio unaosahaulika. Mbwa wa mtaani Afrika Mashariki anaishi na kupe, na kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vimelea vya Ehrlichia canis vinavyoshambulia chembe nyeupe za damu. Kuna wakati ugonjwa huo ulibandikwa jina la Nairobi, kwa sababu ya mbwa wa huko waliokuwa wakitokwa damu. Wengi lakini hawafiki hatua hiyo. Hukaa nao kwa miezi: wanakula kwa kuchagua, wanakonda polepole, fizi zinapauka, mchana kutwa wamelala kivulini. Kwa asiyejua, huyo ni mbwa mstaarabu asiyependa fujo. Kipimo cha damu, na dawa ya doksisaiklini kwa takriban wiki nne chini ya daktari wa mifugo, vinaweza kukuletea mbwa mwingine kabisa kwenye ngozi ileile.

Maumivu nayo hujificha. Kuna mbwa aliyegongwa na bodaboda, mfupa ukajiunga wenyewe ukiwa umepinda. Kuna aliyevunja meno akitafuna mnyororo. Dalili zake ni ndogo: anatembea vizuri ila hakimbii, anasita kuruka kizingiti, analamba kiungo kimoja kila siku, anageuza kichwa ghafla ukimgusa kiuno. Mbwa wa namna hiyo ana sababu nzuri ya kukaa pembeni, na hakuna mchezo utakaoiondoa.

Safari hiyohiyo ya kwa daktari iwe ya chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, kwa hiyo mchezo wowote unaohusisha mdomo usubiri. Na meno yakimpata mtu, hata kwa bahati mbaya katikati ya furaha, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Hofu inayodhaniwa upole

Jaak Panksepp, mtafiti aliyejitolea kuchunguza hisia ndani ya ubongo wa wanyama, aliwahi kufanya jaribio dogo na panya wachanga. Panya wa umri huo wanapenda mieleka. Alipoweka manyoya kidogo tu ya paka mahali walipozoea kuchezea, mieleka ilikoma. Panya hao hawakuwahi kukutana na paka. Manyoya yakaondolewa, na bado kwa siku kadhaa hawakucheza kama zamani. Kinachonivutia katika jaribio hilo ni kwamba panya hawakuwa wagonjwa wala hawakusahau mieleka. Ubongo uliahirisha tu mchezo mpaka uhakikishe kwamba mahali pale pana usalama, na uhakika huo haukuja kwa kuondoa manyoya peke yake.

Sasa fikiria uani kwako. Honi za barabarani, mlio wa blenda, watoto wanaotoka shule, mlinzi anayepita na rungu, ufagio uliosimamishwa ukutani. Wewe unavijua vyote. Mbwa havijui hata kimoja, na ufagio huenda anaujua kwa ubaya. Michael Hennessy na wenzake walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika damu ya mbwa walioingizwa kwenye makazi ya wanyama Marekani, wakaikuta juu hasa katika siku tatu za kwanza. Kwa mbwa wako, kituo kilikuwa uhamisho mmoja na nyumba yako ni mwingine. Watu wa uokoaji wana kanuni yao ya siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu: siku za kupumua, wiki za kuzoea ratiba, miezi ya kujiona mwenyeji. Ni makadirio ya uzoefu tu, na wapo mbwa wanaohitaji mwaka. Faida yake kubwa ni kumzuia mtu asikate tamaa Jumatano kwa mbwa aliyefika Jumapili.

Ugumu ni kwamba hofu ya mbwa mara nyingi ni ya kimya. Utasikia watu wakisifia: huyu ni mpole sana, hata mtoto akimvuta sikio hafanyi kitu. Mtazame vizuri huyo asiyefanya kitu. Masikio yamelala nyuma. Weupe wa jicho unaonekana pembeni kwa sababu amegeuza uso lakini hathubutu kuacha kutazama. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anahema mdomo wazi asubuhi yenye baridi. Mguu mmoja wa mbele umeinuliwa kidogo, haujui uende wapi. Mkia nao huwadanganya wengi, maana ukitikiswa haraka ukiwa chini, karibu na mapaja, unaomba usimdhuru. Mbwa huyo si mpole, ameganda. Amekata shauri kwamba njia salama ya kupita kwenye mikono ya watu ni kutokuwepo.

Ndiyo maana kumzoesha kwa nguvu kunaonekana kufanya kazi. Unamburuta sebuleni kwenye wageni, anahangaika, kisha anatulia. Wageni wanapiga makofi. Kilichotokea ni kwamba ameacha kujaribu, na mbwa aliyeacha kujaribu ndiye aliye mbali kuliko wote na mchezo, kwa kuwa mchezo ni kujaribu mambo. Akinguruma, usimchape. Kunguruma ni taarifa, tena ya bure. Mbwa anayeadhibiwa kwa kuitoa hujifunza kuuma bila kutangaza.

Mkono unaorusha

Katika miaka ya 1950 na 1960, huko Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walifuatilia watoto wa mbwa kwa muda mrefu na kuonyesha kwamba kuna dirisha la umri, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya 12, ambamo mbwa anajifunza nani ni wa kwao. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake walieleza kuhusu watoto wa mbwa waliolelewa uwanjani bila kuguswa na watu: waliokutana na binadamu kwa mara ya kwanza katika wiki ya 14 walikuwa karibu sawa na wanyama wa porini. Maelezo haya yanarudiwa sana, na mtu akiyasoma anahitimisha kwamba mbwa wake ni mkimya kwa kuwa hakuwaona watu utotoni.

Mbwa koko wa Kibera au Mbagala amewaona watu tangu siku macho yake yalipofunguka. Tena alicheza, maana watoto wa mbwa wa mtaani hucheza wao kwa wao kama watoto wa mbwa wa popote. Alichokosa ni binadamu anayeshiriki. Alichokipata ni binadamu anayeokota jiwe.

Kila aliyekulia mitaani kwetu anajua kwamba jiwe lenyewe si lazima. Ukikutana na mbwa usiyemwamini, unainama, unagusa chini kana kwamba unaokota kitu, na mbwa ameshaondoka. Watoto wa miaka mitano wanalijua hilo, na mbwa wa miezi mitano analijua pia. Sasa chukua ishara ambazo mwongozo wa kawaida wa mbwa unakufundisha ili kumwalika acheze: inama, piga magoti, pigapiga chini, inua mkono, rusha kitu. Nicola Rooney na wenzake nchini Uingereza waliwahi kuwarekodi watu wakijaribu kucheza na mbwa wao, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Waligundua kwamba watu hupenda ishara zisizofaa sana, kama kupigapiga sakafu, huku mwendo wa kukimbia ukifanya vizuri zaidi. Hao walikuwa mbwa wa majumbani, waliolelewa na watu haohao. Kwa mbwa aliyefukuzwa sokoni, kuinama si mwaliko, na mtu anayemkimbilia kwa furaha ni mtu anayemkimbilia, basi.

Kwa hiyo mimi naona mpira ndio mwanzo mbaya kuliko yote, ingawa ndio wa kwanza kununuliwa. Unakusanya kwa pamoja kuinama, kuinua mkono na kitu kinachoruka. Uje baadaye sana, au usije kabisa. Mwanzo utafutwe kwenye kitu kisicho na kumbukumbu mbaya, na kwa mbwa wa mtaani kitu hicho ni pua. Pua ndiyo iliyomlisha jalalani. Hapo ni fundi, na hakuna aliyewahi kumpiga kwa harufu ya dagaa.

Kuanzia chini

Chukua sehemu ya chakula chake cha siku, kiongezee kitu chenye harufu: dagaa wakavu, maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, firigisi. Vitunguu na chokoleti visikaribie, wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Mwage vipande kwenye majani au mchanga wakati yeye hayuko karibu, kisha jiondokee. Kaa mbali, ubavu wako ukiwa upande wake, simu mkononi ukitaka. Acha atafute. Pengine siku ya kwanza hatakula mpaka uingie ndani, nayo si hasara. Anajifunza kwamba wewe ukipita, ardhi inakuwa na vitu.

Kutafuta kwa pua hakumalizi njaa tu. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walilinganisha mbwa waliofanyishwa kazi ya kunusa kwa wiki mbili na wengine waliofundishwa kutembea ubavuni kwa mtu. Walipowapima kwa bakuli lililowekwa mahali pa utata, ambapo huenda kuna chakula na huenda hakuna, mbwa wa kunusa walilikaribia haraka zaidi kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo. Waandishi walilisoma jambo hilo kama matumaini. Mbwa mwenye hofu amezoea kwamba kila kisichoeleweka ni kibaya, kwa hiyo kipimo cha namna hiyo kinamgusa yeye kuliko yeyote.

Kosa linalofuata ni la upendo. Mtu akiona mbwa anakula, anataka amlishe mkononi. Mbwa anakuja, shingo imenyooshwa mbele, miguu ya nyuma imeachwa mbali tayari kwa kukimbia, ananyakua na kuruka nyuma. Mtu anafurahi kwamba ameshinda. Ndani ya mbwa, njaa na hofu zimepigana, na njaa imeshinda kwa sekunde mbili. Kipande kikiisha anajikuta karibu kuliko alivyotaka, na anashtuka upya. Fanya kinyume. Akikusogelea hatua mbili, mtupie kipande nyuma yake, mbali na wewe, kwa kukiachia chini ya kiwiko bila kuinua mkono. Anakwenda kukifuata, na anapata malipo mawili kwa mpigo: chakula na nafasi. Kisha ageuke aje tena, kwa hiari yake. Baada ya muda utaona kitu kipya: anakula kile kipande upesi ili ageuke. Anakuja, anatazama, anasubiri utupe. Tayari mnacheza. Haufanani na mchezo wa kwenye matangazo ya chakula cha mbwa, lakini una zamu mbili na kanuni, na ameanza kuutaka yeye.

Kutoka hapo ongeza ugumu. Trei ya mayai iliyotiwa vipande na kufunikwa na nyingine. Gunia kuukuu lililokunjwa. Boksi lenye magazeti yaliyofinyangwa ndani, ambalo lazima aliparure. Mbwa wengi wenye hofu hukutana na sauti ya boksi likichanika wakakimbia, halafu wanarudi kuisababisha wenyewe. Hatua hiyo ni kubwa, kwa kuwa kelele imekuwa yake. Mpe neno, sema "tafuta" kila unapoanza, ili baadaye neno lenyewe limpe hamu.

Kuhusu macho, kuna habari iliyosambaa sana tangu mwaka 2015, pale Miho Nagasawa na wenzake nchini Japani walipoonyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda, oksitosini, homoni ya ukaribu, hupanda kwa wote wawili. Ni kweli, ila mbwa wale walikuwa tayari na watu wao. Kumkazia macho mbwa mgeni aliyejibanza pembeni ni kumtisha. Mtazamo uje kutoka kwake, na ukija, upokee kwa sekunde moja kisha tazama kando.

Mkono nao una zamu yake, na si lazima iwe ya mwisho. Watafiti wa mbwa wa mitaani nchini India, Debottam Bhattacharjee na wenzake, waliripoti mwaka 2017 kwamba kwa mbwa wa namna hiyo kuguswa kwa upole mara kwa mara kulijenga imani kwa mtu mgeni kuliko chakula kilivyofanya. Mbwa wale lakini walikuwa huru kuondoka, na hilo ndilo la kuiga. Akikaribia mwenyewe, mkune kifuani au pembeni ya shingo, kamwe si kwa kupitisha mkono juu ya kichwa, kwa sekunde tatu. Ondoa mkono. Akisogea, endelea, akikaa tu au akigeuza uso, amekujibu.

Kitu kinachokimbia

Wiki zikipita na akila bila kuangalia nyuma, jaribu kitambaa. Funga kipande cha kanga kuukuu kwenye kamba ndefu, na kamba kwenye fimbo nyepesi, kisha kiburute chini taratibu ukiwa umempa mgongo. Fimbo isiinuliwe kamwe. Ikiwa fimbo yenyewe inamtisha, tumia kamba pekee. Siri iko kwenye mwelekeo: kitambaa kimkimbie. Watu humsogezea mbwa kitu usoni wakikitikisa, ilhali hakuna windo duniani linalomfuata mwindaji. Kikimbie, kisimame, kitetemeke, kijifiche nyuma ya ndoo. Mara ya kwanza atatazama tu kwa masikio yaliyosimama. Usimwite wala usimsifu kwa sauti. Mara nyingine atakanyaga kwa mguu mmoja na kuruka nyuma kana kwamba kimemuunguza. Mwache akikamate mapema na aondoke nacho.

Hapo ndipo huibuka mjomba mmoja anayejua mambo ya mbwa na kuonya kwamba ukimwacha mbwa ashinde atakutawala. Rooney na John Bradshaw walilijaribu hilo mwaka 2002 na mbwa 14 aina ya Golden Retriever, wakivutana nao kitu, mara mbwa wakiachwa washinde, mara wakishindwa. Hakuna dalili kwamba kushinda kuliwapandisha mabega juu ya watu. Kwa mbwa mwenye aibu, kushinda ndio mchezo wenyewe. Vuta kwa nguvu ya vidole viwili, achia, onyesha mshangao. Wacha arudi na kitambaa akudai uvute tena, na akirudi, achia tena. Simamisha yote wakati bado anataka. Dakika tatu zinatosha kwa siku za mwanzo.

Mbwa mwingine anaweza kufanya kwa alasiri moja kile ambacho wewe unakitafuta kwa miezi, kwa sharti awe mmoja, mzima, mtulivu, na mkutane mahali pasipo pa yeyote kati yao, kamba zikiwa zimelegea. Marc Bekoff, wa Chuo Kikuu cha Colorado, alichunguza ule mwinamo wa mbwa wa viwiko chini na makalio juu, akakuta kwamba mbwa huutumia hasa kabla au mara tu baada ya kitendo kinachoweza kueleweka vibaya, kama kung'ata. Ni kama kusema "natania, ndugu yangu" kabla utani haujageuka ugomvi. Mwenzake mzuri wa kucheza utamjua kwa mambo mawili: hujilegeza makusudi ili mdogo aweze, na hukubali kukimbizwa baada ya kukimbiza. Akikimbiza tu bila kupokezana, wamalize hapo. Na usimlete mbwa wa pili kuishi nyumbani kama dawa ya wa kwanza. Ukikosea, utakuwa na wawili nyuma ya tangi.

Mchezo wa kwanza wa hiari mara nyingi huja kwa sura ya wizi. Unatoka asubuhi, kandambili moja haipo. Yuko nayo katikati ya uwanja, kichwa juu, anakutazama, anasogea hatua tatu ukimkaribia. Huyu ni mbwa ambaye mwezi uliopita hakuthubutu kuvuka uwanja huo mchana. Ukifoka, umefuta kazi yote kwa kandambili moja. Chukua kipande cha maini, badilishaneni, na kesho mwekee kandambili kuukuu iliyo yake. Dalili nyingine ni ndogo zaidi: kupiga chafya kwa furaha, kukupiga goti kwa pua na kuondoka, kuzunguka uwanja mbio kwa mizunguko miwili bila sababu kisha kusimama kama aliyeshangazwa na miguu yake.

Nyumbani si kwako peke yako

Katika nyumba nyingi kikwazo ni watu. Baba mwenye nyumba atasema mbwa analetwa kulinda, akichezewa atalegea. Mbwa mwenye hofu kweli hubweka, tena sana: hubwekea mgeni, mpangaji, upepo na muuza maziwa kwa sauti ileile, mpaka hakuna anayetoka kuangalia. Anayewaamini watu wake ndiye anayeweza kubagua sauti, kwa sababu ana kawaida ya kulinganishia. Utaratibu wa kumfungia bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku unamnyima kawaida hiyo. Kama lazima afungwe, basi saa moja ya asubuhi uani, watu wakiwa wanazunguka na kazi zao, ina thamani kuliko mafunzo mengi.

Pwani kuna jambo jingine. Waislamu wengi wa huko hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nyumba ya namna hiyo inaweza kufuga mbwa wa ulinzi, na haihitaji kuchagua kati ya twahara na mbwa mwenye furaha. Kutupa vipande kwa mbali, kutafuta uani, kitambaa cha kwenye kamba: yote yanafanyika bila ulimi wake kumgusa mtu. Kwa mbwa aliyeogopa mikono, umbali huo ni nafuu.

Watoto wapewe kazi ya kumwaga vipande kabla mbwa hajatoka, kisha wakae barazani. Wanaipenda kazi hiyo kuliko unavyodhani, na inawafundisha kutomfuata mbwa kwenye pembe yake anapolala.

Wapo ambao baada ya yote haya hawatawahi kuvuta kitambaa. Mbwa mzee, au yule ambaye tabia yake tu ni ya kutazama, anaweza kuridhika na kunusa na kulala karibu nawe. Kipimo changu kwa hao si mchezo: nataka kuona analala ubavu, tumbo wazi, watu wakipita. Ila mbwa ambaye baada ya miezi kadhaa bado anatetemeka kila mlango unapofunguliwa, au hali mbele ya mtu yeyote, arudishwe kwa daktari wa mifugo. Kuna dawa za wasiwasi zinazotumika kwa mbwa. Hazimfundishi chochote, zinashusha hofu kiasi cha kumwezesha kufundishika.

Na jiandae kwa usiku wa mwaka mpya. Fataki za saa sita, au radi za masika, zinaweza kumrudisha nyuma ya tangi mbwa ambaye jana tu aliiba kandambili. Mfungie mapema ndani ya chumba chenye pazia, redio ikiwa inazungumza, maana wengi hupotea usiku huo kwa kuruka ukuta. Hofu hujilimbikiza, kwa hiyo siku mbili tatu zinazofuata usimletee mgeni, usimwogeshe, usimpeleke popote. Mwagia dagaa kwenye majani, kaa mbali, na usitoe kitambaa mpaka atakapokuja mwenyewe kukiulizia.